Nyuki wa Bruda Tadei

Kisanduku nilikiua mimi, Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mezani kwangu Lizaboni, mjini Songea. Saa naijua kwa sababu daftari langu linasema: "4:12, naunganisha umeme." Mstari unaofuata una neno moja ambalo halifai kuchapishwa.

Kwa macho kilikuwa kopo la biskuti la bati, lenye ukubwa wa Biblia ya familia. Ndani kilikuwa na transista tatu, vipande vingine kumi na saba na nafasi ya betri mbili kubwa za tochi. Juu kilikuwa na kitufe cha kukanyaga kilichong'olewa kwenye Land Rover, ambako kazi yake ya kwanza ilikuwa kushusha na kupandisha taa. Waya wa gitaa uliingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kwenda kwenye spika. Ukikanyaga kitufe, sauti ya gitaa ilipasuka na kukwaruza kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ndiyo maana kiliitwa Nyuki.

Vifaa vya namna hiyo vilitengenezwa kwa maelfu katika nchi nyingine. Hiki kilitengenezwa kimoja tu, mwaka 1975, na Bruda Tadei wa Hanga, mmonaki aliyekuwa akitengeneza redio. Alimtengenezea baba yangu mkubwa, Pankrasi Komba, mpiga solo wa bendi ya Mletele Jazz. Bruda alikwishafariki na hakuacha mchoro.

Mimi ni mhandisi wa elektroniki. Kazi inayonilisha ni kuandika programu za kompyuta zinazoiga vifaa vya zamani vya muziki, ili mtu wa studio asihangaike kutafuta kifaa chenye umri wa baba yake. Kwa hiyo mwishoni mwa Mei, baba mkubwa aliponiletea Nyuki nimkague tu kama ni mzima, nilimwambia nitafanya zaidi: nitampima kila kipande, nitamwandika upya ndani ya kompyuta, na yule wa bati atabaki kabatini salama. Neno salama nililitumia mara mbili. Baba mkubwa alinikumbusha baadaye.

Alikuwa na sababu ya kuwa na haraka. Tarehe 12 Julai yeye na mama mkubwa Kunegunda walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kungekuwa na misa, kisha karamu kwenye ukumbi wa parokia, na baada ya chakula Mzee Pankrasi angepiga gitaa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu bendi ilipokufa mwaka 1989.

Nilimpima Nyuki siku tisa. Siku ya kumi, ili vipimo viwe thabiti, niliziondoa betri nikatumia mashine ya mezani inayotoa umeme usioyumba. Katika karibu kila kifaa nilichowahi kukifungua, upande hasi wa umeme ndio unaofungwa kwenye bati. Bruda Tadei alifunga upande chanya, kama mafundi wengi wa wakati wake walivyofanya kwa transista za aina ile. Jambo hilo nililijua. Niliandika kwa mkono wangu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Tarehe 9 sikusoma ukurasa wa kwanza.

Nilikwenda kumweleza siku hiyo hiyo. Nilimkuta barazani kwake Mjimwema amevaa sweta mbili, kama watu wengi wa Songea mwezi Juni.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Nyuki hajambo?"

"Transista mbili zimeungua. Niligeuza umeme."

"Zimeungua ndiyo nini?"

"Hazifanyi kazi tena, na hazitengenezeki."

"Kwa hiyo amekufa."

"Kwa lugha nyingine, ndiyo."

"Sema hivyo basi, mama. Mtu akifa hatusemi moyo umepata hitilafu."

Hakupaza sauti. Aliingia ndani akachukua simu, akaanza kuwapigia watu. Kufikia saa kumi, majirani watatu walikuwa wamefika kumpa pole, mmoja na kilo ya sukari. Mama mkubwa aliwachemshia chai. Jirani wa tatu aliuliza mazishi ni lini na baba mkubwa akamjibu kwamba bado wanasubiri ndugu kutoka Namtumbo. Sikujua kama baba mkubwa alikuwa anatania. Jirani naye hakujua, akaamua kubaki.

Chai ilipokwisha, baba mkubwa alitoa tamko. Bila Nyuki hapigi. Gitaa kavu wanapiga wanafunzi wa seminari.

Mama mkubwa alinisindikiza hadi barabarani. Ni mwanamke mfupi, mwenye umri wa miaka sabini, anayezungumza huku akitazama kitu kingine. Siku hiyo alitazama kuku wa jirani.

"Hilda, unajua nimecheza dansi kwa gitaa la mume wangu mara ngapi?"

"Sijui, mama mkubwa."

"Hata mara moja. Jumamosi zote alipigia wake za watu. Mke wa mpigaji alikuwa hakanyagi dansini. Tungeonekana tumekwenda kulinda. Nikabaki na watoto. Halafu bendi ikafa, na yeye akatundika gitaa." Kuku aliingia kwenye mchicha. "Nimeshona gauni. Kaka yangu Thadei anakuja kutoka Peramiho kwa ajili ya kunishika mkono tu, tucheze. Sasa wewe umemuua Nyuki."

"Nitamrudisha."

"Mzima?"

"Ndani ya kompyuta."

"Sikuuliza wapi," alisema, akaenda kumfukuza kuku.

Kesho yake nilizipeleka transista sokoni kwa Bashiru, fundi ambaye hutengeneza simu siku za kawaida na kukodisha spika siku za sherehe. Ni mtu wa Tunduru, mpole, mwenye dharau ya kitaalamu. Aliiweka ya kwanza chini ya taa, akaipima, akavua kofia yake.

"Innalillahi," alisema. "Huyu kafa kitambo?"

"Jana."

"Kwa nini?"

"Umeme kinyume."

"Nani kamfanyia?"

Bashiru alivaa kofia.

"Injinia," alisema, "mimi nina vijana wawili hapa hawajamaliza kidato cha pili. Nimewafundisha kitu kimoja tu kabla ya kuwapa mita. Unataka nikwambie ni kitu gani?"

"Sitaki."

"Sawa. Transista kama hizi hupati. Nikikupa za redio nyingine atalia, lakini atalia kama mtu mwingine."

Hilo nililijua. Lakini nilikuwa na vipimo vya siku tisa, pamoja na saa tatu za rekodi ambazo baba mkubwa alipiga gitaa kupitia Nyuki tukiwa tumeweka betri mpya. Pia nilikuwa na kanda ya kaseti ya Mletele Jazz, iliyorekodiwa dansini mwaka 1977. Programu ya namna hii ni hesabu tu. Unaiambia kompyuta kila kipande kinafanya nini umeme unapopita ndani yake, nayo inakokotoa mara elfu arobaini na nane kila sekunde. Ukiwa na vipimo sahihi, marehemu ataongea.

Tarehe 24 Juni aliongea. Niliweka michoro miwili ya sauti moja juu ya nyingine, ya Nyuki wa bati na ya Nyuki wa hesabu. Tofauti ilikuwa chini ya nusu ya asilimia moja. Sikio la binadamu haliwezi kuisikia tofauti hiyo. Nilibeba kompyuta na spika ndogo hadi Mjimwema. Kitufe cha Land Rover nilikuwa nimekiunganisha kwenye kompyuta, ili mguu wa baba mkubwa usijue kwamba kuna kilichobadilika.

Alipiga sauti nne.

"Siyo," alisema.

"Siyo kivipi?"

"Siyo yeye."

"Baba mkubwa, tofauti ni nusu ya asilimia."

"Basi hiyo nusu ndiyo alimokuwa anakaa."

Sikubishana. Nilifanya jaribio. Nilimchezea rekodi mbili bila kumwambia ipi ni ipi: moja ya Nyuki mwenyewe, ya tarehe 3 Juni, wakati bado mzima; nyingine ya programu. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono juu ya magoti.

"Huyu wa kwanza siyo. Na wa pili siyo."

"Mmoja wao ni Nyuki mwenyewe."

"Yupi?"

"Wa kwanza."

"Ah. Siku hizo alikuwa bado hajaamka. Amelala miaka thelathini na sita, unategemea aimbe siku ya kwanza? Mimi mwenyewe siku zile nilikwambia, ana usingizi."

Ni kweli aliniambia. Niliandika kwenye daftari: "Shahidi hawezi kutegemewa." Maneno hayo bado yapo. Siku hizi yana mstari juu yake na tarehe ya kusahihishwa.

Nikarudi kwenye kaseti. Katika kaseti Nyuki analia kwa namna nyingine. Wimbo ukianza sauti ni nene. Ukifika ubeti wa tatu au wa nne inaanza kuchanika, kila noti inakuja kwa kishindo kisha inakatika kabla haijaisha, kama mtu anayeongea huku anamezwa na kikohozi. Nilikuwa nimeshalisikia jambo hilo mara nyingi na kuliandikia maelezo: "Kanda imezeeka." Kanda ikizeeka hufifia mwanzo mpaka mwisho. Haingoji ubeti wa tatu. Lakini nilikuwa na maelezo, na mtu mwenye maelezo hatafuti.

Nilimuuliza baba mkubwa kitu kimoja tu cha maana.

"Mlikuwa mnatumia betri za aina gani?"

"Mpya," alisema. "Kila Jumamosi mbili mpya. Wakati huo betri zilikuwa adimu kuliko sukari, lakini bendi ilikuwa na kibali. Nazichukua Ijumaa, zimefungwa kwenye karatasi yake. Nafungua karatasi jukwaani mbele ya watu. Hakuna aliyewahi kuniona na betri iliyochoka."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa ukweli kama alivyoujua. Nikaandika: "Betri mpya, imethibitishwa."

Baada ya hapo nilitengeneza Nyuki wa pili, wa tatu, mpaka wa saba. Nilibadilisha joto, nilibadilisha waya wa gitaa, nilitengeneza hadi uzee wa spika. Kila mara nilikwenda Mjimwema, na kila mara baba mkubwa alipiga sauti nne akasema siyo. Kuhusu wa tano alisema anafanana na Nyuki lakini aliyesoma. Wa sita, alisema, ni padri. Zikabaki siku saba.

Jumamosi tarehe 5 Julai nilikwenda na Nyuki wa saba. Baba mkubwa alikuwa anaoga. Mama mkubwa alikuwa uani, upande unaopata jua, ameanika mahindi kwenye turubai. Pembeni ya turubai kulikuwa na ungo, na kwenye ungo, badala ya mahindi, kulikuwa na betri nne kubwa zimelala kwa mstari.

"Shikamoo mama mkubwa. Hizi za nini?"

"Marahaba. Za redio. Zimechoka, nazianika kidogo zipate nguvu."

Kila nyumba niliyoijua utotoni ilifanya hivyo: betri ikichoka inawekwa juani au kando ya jiko, inapata nguvu ya siku mbili tatu, inachoka tena. Sijawahi kuliona likiandikwa katika vitabu nilivyosomea, ingawa sababu zake za kikemia zinaeleweka. Nilikuwa na mita kwenye mkoba. Nilizipima kwa mazoea tu. Volti moja nukta moja kila moja, badala ya moja na nusu na zaidi kidogo.

Nilikaa chini kwenye turubai.

"Mama mkubwa, mwaka sabini na saba, ulikuwa na redio?"

"Nilikuwa nayo. Tulipewa siku ya ndoa."

"Na betri ulikuwa unapata wapi, wakati zimeadimika?"

Mama mkubwa aligeuza mahindi. Alitazama mlango wa bafu, ambako maji yalikuwa bado yanamwagika.

"Hilda, umeolewa?"

"Hapana."

"Basi nitakueleza polepole. Bendi ilipewa mbili kila wiki. Analeta Ijumaa, anaweka kabatini. Redio yangu inakula mbili. Zinalingana."

"Ukazichukua."

"Sikuchukua. Nilibadilisha. Mpya zinaingia kwenye redio, za redio zinakwenda bendini. Nilikuwa nazianika kwanza Ijumaa yote, sikumpa zilizopoa. Nazifunga kwenye karatasi ile ile, na kona nazikunja zilivyokuwa."

"Hakujua?"

"Mtu anajua betri imechoka tochi ikizima. Ya kwake haikuzima. Ililia tu."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa, tangu sabini na sita mpaka bendi ikafa. Isipokuwa Kwaresima. Kwaresima niliacha."

"Kwaresima bendi ilikuwa haipigi."

"Ndiyo. Niliacha."

Nilifanya hesabu ya haraka. Miaka kumi na tatu, Jumamosi mia tano na ushee. Katika dansi zote hizo, Nyuki hakuwahi kuonja betri mpya. Isipokuwa mwezi Juni mwaka huu, mezani kwangu.

"Ulikuwa unasikiliza nyimbo za bendi?" nilimuuliza. "Kwenye redio?"

"Za nini? Anazipiga hapa ndani wiki nzima. Nilikuwa nasikiliza mchezo wa redio. Ulikuwa na mwanamke mmoja anaitwa Bi Mwajuma, ana mume mwongo." Aligeuza mahindi tena. "Padri anajua. Kila Pasaka nilimweleza. Kila Pasaka aliniambia nikamwambie mume wangu."

"Na hukumwambia."

"Nilikuwa nasubiri nafasi."

Maji yalinyamaza bafuni. Mama mkubwa aliziokota betri zote nne, akaziweka kwenye mkoba wangu, juu ya mita.

"Zinakufaa?"

"Sana."

"Basi chukua. Lakini usimwambie. Watu wamemsifu kwa sauti ile tangu hujazaliwa. Usije ukamwambia amesifiwa kwa betri zangu."

"Akiniuliza nitasema ukweli."

"Na asipouliza?"

"Asipouliza, sina la kujibu."

"Umesoma vizuri," alisema.

Nilifanya kazi siku tatu. Betri iliyochoka ina tabia mbili. Volti yake ni ndogo, kwa hiyo transista za Bruda Tadei zinakosa nafasi ya kupumua, na noti inakatika kabla ya wakati. Pia inalegea kadiri unavyoitumia, kisha ikipumzika inajirudi kidogo. Ikiwa imepashwa joto, mwanzo wake ni mzuri kuliko mwisho wake. Ndiyo maana kwenye kaseti sauti ilingoja ubeti wa tatu ndipo ichanike: hapo ndipo jua la Ijumaa lilipokuwa linaisha. Nilizipima betri za ungo zikianikwa, zikitumika na zikipumzika. Nikaandika yote ndani ya programu. Kwenye uso wa programu niliongeza kidude cha kuzungusha kwa kidole kwenye kioo, chenye mshale, neno "Betri" na namba kutoka sifuri mpaka kumi. Kumi ni mpya kutoka dukani. Nyuki wa kaseti alikaa kwenye mbili.

Jumatano tarehe 9 Julai baba mkubwa alikanyaga kitufe na kupiga sauti nne. Hakusema siyo. Alipiga ya tano. Akapiga wimbo mzima, akaunganisha na mwingine, na katika ubeti wa tatu Nyuki alianza kuchanika, naye akacheka peke yake kama mtu aliyekutana njiani na mtu ambaye yeye anamdai ng'ombe.

"Ameamka," alisema.

Nilisubiri aulize nimebadilisha nini. Hakuuliza. Alikuwa ameshajieleza: Nyuki alikuwa na usingizi, sasa umekwisha. Mama mkubwa, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, hakuinua kichwa.

Sherehe ilikwenda kama zinavyokwenda. Misa ilianza saa nne, ukumbi ulijaa saa nane. Maharusi wa miaka hamsini walikaa mbele kwenye viti vilivyopambwa, baba mkubwa kwa suti ya kahawia, mama mkubwa kwa gauni jeupe na taji la karatasi ya dhahabu lililokuwa likimteremkia sikioni. Bashiru alileta spika nne. Mimi niliweka kompyuta juu ya meza ndogo karibu na jukwaa, nikahakikisha kila kitu mara tatu, na safari hii nilisoma ukurasa wa kwanza wa daftari.

Saa kumi mwenyekiti wa kamati, Mzee Bartolomeo, aliwaita wanafamilia wote sehemu ya nyuma ya ukumbi kwa ajili ya picha. Nilikwenda. Hilo lilikuwa kosa langu la pili tangu Juni. Programu ilikuwa wazi, na sikuwa nimeifunga.

Kutoka nyuma nilimwona baba mkubwa akipanda jukwaani na kuchukua kipaza sauti kabla ya gitaa.

"Vijana wananiuliza siri ya sauti yangu," alisema. "Siri ni moja. Mimi sijawahi kupiga na betri iliyochoka."

Wazee walipiga makofi. Mama mkubwa alirekebisha taji.

Kisha baba mkubwa aliinama kuchukua gitaa, na macho yake yakapita juu ya kompyuta. Pale aliona neno "Betri", na mshale umesimama kwenye mbili. Alifanya ambalo mtu yeyote mwangalifu angefanya. Aliuzungusha mpaka kumi.

Mama mkubwa alikuwa ameshasimama na kaka yake Thadei katikati ya ukumbi, mikono imeshikana. Baba mkubwa alikanyaga kitufe. Sauti iliyotoka ilikuwa laini, pana, safi. Ilikuwa sauti ya tarehe 3 Juni, sahihi kasoro nusu ya asilimia. Alipiga sauti nne akasimama.

"Amelala tena," alisema kwenye kipaza sauti. Aliitazama kompyuta, akanitafuta kwa macho. "Hilda. Amelala."

Nilianza kwenda, lakini wakati huo huo kina mama wa jumuiya walikuwa wanaingia na zawadi, wakicheza wawili wawili na ndoo, mablanketi na mbuzi mmoja. Mtu hapiti katikati ya zawadi. Niliona Bashiru akigusa vitufe vya spika bila faida. Niliona baba mkubwa akianza kuvua mkanda wa gitaa begani.

Mama mkubwa aliachia mkono wa Thadei. Alinyanyua gauni kwa mikono miwili, akapanda ngazi tatu za jukwaa, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Hajawahi kutumia kompyuta maishani. Lakini namba anazijua, na mshale anaujua. Aliweka kidole akauzungusha kurudi nyuma, tisa, saba, nne, mpaka mbili.

"Mama Joachim," baba mkubwa alisema, "hiyo ni betri. Unaipunguza."

"Napunguza."

"Mbili imeisha hiyo."

"Ndizo ulizopigia."

Kipaza sauti kilikuwa kati yao, na Bashiru, kwa sababu ambazo hajawahi kunieleza, alikiongeza sauti. Kina mama wa zawadi waliacha kucheza.

"Zipi nilizopigia?"

"Zilizochoka. Za redio yangu. Nilikuwa nazianika."

"Na zangu? Za kwenye karatasi?"

"Kwenye redio."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa sabini na sita."

Ninayo rekodi ya tukio hilo. Kati ya jibu hilo na neno lililofuata zimepita sekunde kumi na moja. Mbuzi anasikika mara mbili.

"Ulikuwa unasikiliza nini?" baba mkubwa aliuliza.

"Mchezo wa Bi Mwajuma."

"Yule mwenye mume mwongo."

"Huyo."

"Mimi nilikuwa namsikia kwa watu tu, kila Jumatatu. Jumamosi nilikuwa kazini." Aliurudisha mkanda begani. "Mwishoni alimwacha?"

"Piga kwanza," mama mkubwa alisema. "Thadei ana mguu mbaya, hawezi kusimama muda mrefu."

Aliteremka. Baba mkubwa alikanyaga kitufe, na Nyuki akalia kwa ukali wake wote. Watu waliopata kucheza Mletele Jazz, wenye miaka sitini na kwenda juu, walitoa sauti ambayo sitajaribu kuieleza, kisha wakainuka wakaenda katikati. Mama mkubwa alicheza kwa hatua fupi, taji limemfika shingoni, huku akitazama kitu kingine. Ubeti wa tatu sauti ilianza kuchanika. Wa sita ilikuwa imebaki vipande. Niliiandika ifanye hivyo, kwa sababu ndivyo betri zifanyavyo. Nilikuwa nimefika kwenye meza, na kwenye kioo niliona mshale unakaribia sifuri. Baba mkubwa naye aliuona.

"Hilda," aliniita bila kuacha kupiga, "zinakwisha. Nyingine ziko wapi?"

"Zinatakiwa zipumzike kwanza. Dakika tano."

Alimalizia noti mbili, akasimama, akachukua kipaza sauti.

"Tupumzike dakika tano," aliwaambia watu. "Mama Joachim anaanika betri."

Mama mkubwa hakukaa. Alibaki katikati ya ukumbi, amemshika Thadei mkono, anasubiri.